Vihariri vya Ramani na Nchi ya Machochwe: Historia Fupi ya Uteuzi wa Chombo

Machochwe ni kata moja ya wilaya ya Serengeti, katika mkoa wa Mara, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Wenyeji wa nchi hiyo wengi ni Wakuria, ndugu za Wakuria wa Tarime na wa ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Ni wakulima na wafugaji, na makazi yao hayakupangwa kwa mitaa na namba za nyumba. Miji ya jamaa imetawanyika katika mashamba na malisho, na njia ya kwenda kwenye mji fulani aghalabu hujulikana na majirani tu. Kwa mwenyeji jambo hili si shida, kwa kuwa yeye hana haja ya ramani katika nchi aliyozaliwa. Lakini mgeni anayefika usiku, naye ametumwa kumtafuta mtu mmoja kabla hakujapambazuka, shida yake ni kubwa.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti haja hiyo imekuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, na mwenye kutiwa hatiani aweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, mila haikukoma kwa kuandikwa sheria. Baraza la wazee liitwalo inchama ndilo lililozoea kutangaza majira ya tohara, na majira hayo huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, wakati shule zimefungwa. Msichana asiyetaka kukeketwa hana budi kukimbia, naye hukimbia usiku, kwa miguu. Mwaka 2014 ilifunguliwa nyumba salama katika mji wa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ili kuwapokea wasichana wa namna hiyo. Katika kazi hiyo alijulikana sana Rhobi Samwelly, ambaye mwaka 2017 aliunda shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba za hifadhi Mugumu na Butiama.

Polisi au mfanyakazi wa nyumba salama akipata habari kwamba msichana fulani yu hatarini, swali la kwanza ni moja: yuko wapi? Ramani za mtandao zilizokuwapo wakati huo hazikuweza kujibu. Zilionyesha barabara kubwa na miji michache, na baina yake palikuwa peupe. Mwaka 2015 Janet Chapman, akishirikiana na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Tanzania Development Trust, alianzisha mradi wa Crowd2Map ili kujaza nafasi hiyo kwa mikono ya watu wa kujitolea, walio mbali na walio karibu. Kazi ilipoanza likatokea swali ambalo kwa kulisikia tu lafanana na jambo dogo la mafundi, nalo ni hili: ramani hiyo iandikwe kwa chombo gani?

Makala haya yanaeleza historia ya swali hilo. Yanakusudia kuonyesha kwamba uteuzi wa kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi ya kompyuta, haukuwa kamwe suala la ladha ya mtu tu. Chombo kinachoteuliwa ndicho huamua nani ataweza kuandika, nani atabaki msomaji, na makosa ya namna gani yataingia katika maandishi.

Asili ya vihariri

Vihariri vya kwanza vilivyoenea viliandikiwa watu wasioona maandishi yao. Mwaka 1969 Ken Thompson alipotunga ed, kihariri cha mfumo wa Unix, mashine nyingi zilikuwa za kupiga chapa juu ya karatasi. Mwandishi aliamuru mstari mmoja ubadilishwe, na kama alitaka kuona matokeo yake alipaswa kuamuru uchapwe upya. Mwaka 1976 Bill Joy, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitunga kihariri kiitwacho vi, na mwaka huo huo katika chuo cha MIT Richard Stallman pamoja na Guy Steele waliunda Emacs. Wafuasi wa vihariri hivi viwili wameshindana tangu wakati huo, na mashindano yao yamekuwa mfano wa ubishi usiokwisha miongoni mwa watengenezaji wa programu.

Lakini mwenye kuchunguza sababu za tofauti zao atakuta mambo ya kawaida kabisa. Joy alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa njia ya simu iliyopitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Kioo cha kompyuta chenye mistari 24 ya herufi 80 kilihitaji zaidi ya dakika moja kujaa. Kwa hiyo alitunga amri fupi mno, za herufi moja moja, na akatumia herufi za h, j, k na l kumwongoza mwandishi kushoto, chini, juu na kulia, kwa kuwa kibao alichokuwa nacho hakikuwa na vitufe vya peke yake vya kazi hiyo. Stallman na wenzake walikuwa katika maabara, karibu na mashine yenye nguvu, nao wakatunga kihariri kipana ambacho mtumiaji aliweza kukiongezea kazi mpya kila alipotaka. Basi chombo kimoja kilizaliwa na njia nyembamba, na kingine kilizaliwa na njia pana. Jambo hili lafaa likumbukwe, maana litarudi tena katika habari za Serengeti.

Mtandao wa dunia nzima ulipoanza, mambo yalielekea kuwa mengine. Programu ya kwanza ya kuusomea, aliyoitunga Tim Berners-Lee mwaka 1990, ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja. Aliyeweza kusoma ukurasa aliweza pia kuuandika. Vivinjari vilivyoenea baadaye viliacha sehemu ya kuandika, na hivyo msomaji akatengwa na mwandishi. Aliyetaka kuandika kurasa alirudi kwenye vihariri vya matini, na humo uteuzi ukaongezeka mwaka hata mwaka. Kilitoka Vim mwaka 1991, Notepad++ mwaka 2003, Atom mwaka 2014, na Visual Studio Code mwaka 2015. Atom, kilichotungwa na kampuni ya GitHub kwa maarifa yale yale ya kurasa za mtandao, kilipendwa na wengi. Lakini Microsoft, mwenye Visual Studio Code, aliinunua GitHub mwaka 2018, na tarehe 15 Desemba 2022 Atom kilifungwa. Waliokuwa wamekizoea hawakupoteza maandishi yao, kwa kuwa maandishi ya programu ni matini matupu yanayosomeka kwa kihariri chochote. Walichopoteza ni mazoea ya vidole.

Kompyuta na Kiswahili

Katika Tanzania historia hii ilichelewa kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla mashine hizo hazijawa za kawaida katika ofisi na vyuo. Ziliporuhusiwa na kuenea, zilikuja na Kiingereza chake. Mradi uliojaribu kwa bidii kuubadilisha mwendo huo ulianza mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT +46 ya Sweden, nao uliitwa Kilinux. Desemba ya mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu, ambayo amri zake zote zilikuwa za Kiswahili.

Kazi ya namna hiyo ilidai istilahi nyingi kwa mara moja, na zimebaki zikishindana. Mashine yenyewe huitwa kompyuta kwa Watanzania wengi, na tarakilishi katika vitabu vingi vya Kenya. Neno ngamizi nalo lilipendekezwa, lakini halikushika sana. Neno kihariri halikupata mpinzani mkubwa. Limetoka katika kitenzi hariri, ambacho asili yake ni Kiarabu, nacho kilikuwa kimezoeleka zamani katika magazeti na uchapishaji. Likapewa umbo la ngeli ya vyombo, kama kifaa au kifungio. Aliyekwisha jua mhariri ni nani hapati taabu kuelewa kihariri ni nini, tofauti yao ikiwa ni ile ya mtu na chombo chake.

Vihariri vya ramani

Ramani ya OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast mjini London mwaka 2004, kwa kanuni kwamba kila mtu aweza kuiandika na kila mtu aweza kuitumia. Kwa sura ni picha, lakini kwa asili ni matini. Kila mahali ni nukta yenye latitudo na longitudo. Nukta zikiunganishwa hufanya njia au mpaka. Na kila kitu hubandikwa lebo, ambayo ni maneno mawili yenye alama ya kusawazisha katikati, neno la kwanza likitaja sifa na la pili likitaja thamani yake. Kijiji hutambulika kuwa kijiji kwa lebo, na jina lake ni lebo nyingine. Kwa hiyo anayechora ramani hii kwa hakika anaandika, naye huhitaji kihariri kama mtunga programu.

Cha kwanza kilichodumu ni JOSM, alichokianza Immanuel Scholz mwaka 2005 kwa lugha ya programu ya Java. Hicho hupakuliwa na kuwekwa katika kompyuta. Huonyesha lebo zote wazi kama zilivyo, hufanya kazi hata pasipo mtandao mradi data zimekwisha pakuliwa, na hukagua makosa kabla ya kazi kupelekwa. Ubaya wake ni kwamba humtisha mwanafunzi. Mwaka 2007 Richard Fairhurst alitoa Potlatch, kilichofunguka ndani ya kivinjari pasipo kupakua kitu, na watu wengi wasio mafundi wakaingia kwa mlango huo. Lakini Potlatch kilitegemea teknolojia ya Flash, mali ya kampuni moja, iliyokuwa inaelekea kufa. Nayo ilifikia mwisho wake rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Fairhurst mwenyewe alikwisha anza mwaka 2012 kutunga kihariri kingine, iD, kwa lugha ya JavaScript ambayo kila kivinjari huielewa. Kampuni ya Mapbox ilikijenga kwa msaada wa dola 575,000 za Knight Foundation, kikazinduliwa Mei 2013. Katika iD mwandishi huchagua picha ya nyumba, shule au kisima, akajaza fomu, na lebo hujiandika chini kwa chini.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. JOSM humwonyesha mwandishi maandishi yenyewe. iD humfichia maandishi na kumwonyesha vitu. Fundi aliyezoea kihariri cha matini hupendelea cha kwanza, na mtu aliyejitolea kwa saa moja ya jioni hupendelea cha pili.

Kazi katika wilaya ya Serengeti

Mfano wa kazi ya namna hii ulikuwapo tayari. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti. Katika Tanzania, kata ya Tandale mjini Dar es Salaam ilichorwa mwaka 2011, na mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambao wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwamo wa Ardhi, pamoja na wenyeji wa kata walichora maeneo ya mafuriko ya jiji hilo. Lakini Dar es Salaam ina umeme, ina vyuo, na mchoraji aweza kurudi kesho kuuliza alichosahau. Vijijini mwa Serengeti mambo hayako hivyo.

Kwa sababu hiyo kazi iligawanyika katika mikono mitatu, na kila mkono ukapata chombo chake. Mkono wa kwanza ni wa watu walio mbali, wengi wao nje ya Afrika, waliofuatisha barabara na nyumba juu ya picha za setilaiti. Hawa walitumia iD, kwa kuwa hawakuhitaji mafunzo ya siku nyingi. Mkono wa pili ni wa wakaguzi wenye uzoefu, waliopitia kazi ya wa kwanza. Hawa waliona JOSM ndicho chombo chao, kwa kuwa huweza kusahihisha nyumba mia kwa mara moja. Mkono wa tatu ni wa wenyeji wenye simu. Hawakuwa na kompyuta, na mtandao wao ulikuja na kwenda. Wao walipewa programu ya MAPS.ME, iliyozaliwa mwaka 2011, ambayo huiweka ramani nzima ndani ya simu na ambayo tangu mwaka 2016 iliruhusu mtumiaji kuongeza mahali papya. Mchango wake hungoja simuni hata mtandao upatikane. Ndilo jambo lile la Joy na njia yake nyembamba: chombo kinachofaa ni kile kilichotungwa kwa kukiri udhaifu wa njia.

Yafaa ielezwe wazi kwamba mikono hiyo haikuwa sawa kwa thamani ya habari. Picha ya setilaiti huonyesha paa, lakini haionyeshi jina. Huonyesha jengo refu lenye uwanja, lakini haisemi kama ni shule, kanisa au zahanati. Ramani iliyochorwa na walio mbali peke yao ni ramani ya mapaa yasiyo na majina, na msichana anayepiga simu hasemi latitudo na longitudo, husema jina. Kwa hiyo chombo duni kuliko vyote kwa macho ya mafundi, yaani simu ndogo ya mwanakijiji, ndicho kilichobeba habari isiyoweza kupatikana kwa njia nyingine.

Majina na herufi

Hapa lugha inaingia. Kikuria kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Jina la Kikuria likiandikwa kwa herufi za Kiswahili, sauti mbili zilizo mbali kwa Mkuria huweza kupewa herufi moja, na karani mmoja huandika e pale ambapo mwenzake ameandika i. Tena majina ya nchi hiyo yanafanana kwa umbo. Katika wilaya ya Serengeti ziko kata za Nyamoko, Nyamatare, Nyambureti na Nyansurura. Tarime ziko Nyamwaga, Nyarero, Nyandoto na Nyansincha. Mwenye sikio la Kikuria hazichanganyi. Askari aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, akisikia jina kwa simu yenye mikwaruzo, aweza kwenda pasipo.

Ramani ina dawa ya tatizo hili, maana kitu kimoja chaweza kubandikwa lebo za majina kadhaa: jina rasmi, jina jingine litumiwalo, na jina kwa lugha fulani. Lakini kila kihariri huifikisha dawa hiyo kwa namna yake. Katika JOSM mwandishi huandika lebo yoyote apendayo. Katika iD jina la pili lipo, lakini sharti mtu alitafute. Katika programu ya simu mwandishi wa haraka hujaza nafasi moja aliyoiona, akaenda zake. Hivyo umbo la fomu limeamua ni majina mangapi ya kijiji yatakayohifadhiwa, na hakuna aliyekutana kuliamua hilo. Historia ya Kiswahili sanifu yenyewe yatoa mfano wa kinyume. Lahaja ya Kiunguja ilipoteuliwa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, uteuzi ulifanywa waziwazi, na wapinzani wake, hasa wa Mombasa, walijua nani wa kumlaumu. Uteuzi unaofanywa na fomu hauna wa kulaumiwa.

Vyombo hufa, maandishi hubaki

Vyombo vilivyotajwa havikudumu sawa. Potlatch kilitoweka katika vivinjari pamoja na Flash. MAPS.ME iliuzwa mwaka 2020, na baadhi ya waliokuwa waitunga tangu mwanzo, wasioridhika na mwelekeo mpya, walitenga tawi lake huru liitwalo Organic Maps, lililotoka mwaka 2021. Mwanakijiji aliyefunzwa chombo kimoja alilazimika kujifunza kingine. Lakini barabara, visima na majina aliyokwisha yaandika hayakupotea, kwa sababu yaliandikwa kwa matini ya wazi katika hazina isiyo mali ya mwenye kihariri. Ndivyo pia zilivyosalimika tungo za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu: wino na kalamu vilibadilika, herufi zikabadilika, na maneno yakahamishwa.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Ramani iliyo wazi kwa mwokozi iko wazi pia kwa anayemfukuza msichana. Kisima, shule na kituo cha polisi vyafaa kuandikwa. Mji wa jamaa iliyomficha mtoto haufai, wala jina la aliyetoa habari. Hakuna kihariri kinachoweza kuijua tofauti hiyo kwa niaba ya mwandishi.

Basi ikiulizwa ni chombo gani kinachofaa kuiandikia nchi ya Machochwe, jibu la historia hii si jina moja. Anayeanza apewe kilicho chepesi. Anayekagua apewe kinachoonyesha maandishi yote. Anayekaa kijijini apewe kinachovumilia kukatika kwa mtandao, tena afundishwe kuandika majina yote mawili, la karani na la mwenyeji. Na kila chombo kipimwe kwa swali moja, kwamba kikifa kesho, kile kilichoandikwa kwacho kitasomeka? Ramani haimwokoi msichana. Wanaomwokoa ni watu wanaoondoka Mugumu usiku na gari lao. Hao hawahitaji kujua ni kihariri gani kilichotumika, wanahitaji jina walilolisikia kwa simu liwe mahali pake kwenye ramani, na njia iliyochorwa hapo iwe njia kweli.